Kabirateri mu Lupango: Historia ya Kazi Moja ya Buluo

Bandugu wa chama, fungueni kabirateri ya pikipiki yoyote ya manseba hapa Likasi, muitandaze juu ya gazeti la zamani. Mtakuta metali mbili kubwa. Mwili wake mara nyingi ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, ikayeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Na vile vipande vidogo vya rangi ya dhahabu vyenye tundu katikati, vile tunaviita jigileri, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba na zinki! Mtoto wa Katanga akisikia majina hayo mawili hahitaji mwalimu. Shaba ilikuwa hata jina la jimbo letu tangu 1971 mpaka 1997, na zinki tunajua habari zake kutoka Kipushi. Sisemi kwamba jigileri ya pikipiki ya jirani yangu ilichimbwa Kambove, hakuna mtu anaweza kufuata njia hiyo. Nasema tu kwamba metali zilizopanda treni hapa kwetu zinaturudilia zimekuwa kitu cha ukubwa wa ngumi, kimefungwa katika katoni yenye herufi za Kichina, kinauzwa sokoni.

Mtu wa mbali akisikia jina Buluo anafikiria kwanza gereza. Ni kweli, mwisho wa miaka ya 1990 watu wa siasa waliletwa huku kufungwa. Lakini ukipita mtaani asubuhi, kitu utasikia ni pikipiki inayokataa kuwaka. Kiki, kiki, kiki, halafu kimya. Manseba anaisukuma mpaka kwa lupango fulani ambako kuna mzee mmoja, benchi ya mbao, beseni na turnevisi tatu. Hakuna kibao, hakuna jina la garaje. Nataka kuandika namna gani kazi hii ilifika pale. Wengi wetu tulio na lisansi tunaiona kama gugu lililoota lenyewe kando ya njia, na mimi niliyesoma agronomia najua kwamba hata gugu lina asili.

Tuanze mbali. Kazi ya kabirateri ni moja: kuvunja esansi iwe kama ukungu na kuichanganya na hewa kabla haijaingia ndani ya motere. Motere za kwanza zilifanya kazi hiyo vibaya. Hewa ilipitishwa juu ya esansi iliyotulia, ikabeba mvuke kadiri ilivyoweza. Jua likiwa kali mvuke unakuwa mwingi, baridi ikipiga unakuwa kidogo, na motere inakohoa. Mwaka 1893 Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, walichukua hati ya uvumbuzi wa kabirateri inayonyunyiza esansi kupitia tundu dogo. Mwaka uleule Mjerumani Wilhelm Maybach, aliyefanya kazi na Gottlieb Daimler, alitoa ya kwake yenye wazo la karibu sana. Kwao Hungaria wanapenda kusimulia kwamba Bánki na Csonka walipata wazo baada ya kumwona muuza maua akipulizia maua yake maji. Hadithi tamu, hasa kwa mtu aliyebeba pampu ya dawa mgongoni katikati ya mahindi. Ukiangalia ncha ya pampu ile na jigileri, unaona watoto wa tumbo moja.

Kabirateri ya Buluo bado inafuata wazo lile la 1893. Chini kuna bakuli linaloweka esansi. Ndani ya bakuli kuna floteri, kitu kinachoelea, na esansi ikipanda floteri inasukuma sindano fupi na kufunga mlango. Juu kuna kizibo kinachopanda na kushuka mtu akivuta gesi, nacho kimebeba sindano ndefu. Halafu jigileri mbili: ndogo ya ralanti, wakati piki imesimama na motere inaunguruma polepole, na kubwa ya kukimbia. Basi. Hakuna umeme ndani yake, hakuna kompyuta.

Na kitu hiki rahisi kinakwama, kwa sababu esansi inakufa. Ikilala ndani ya bakuli kwa wiki na miezi, sehemu zake nyepesi zinaruka na zile nzito zinabaki, zinageuka gundi ya kahawia, mwisho zinakuwa kama vanishi. Jigileri ya ralanti inaziba ya kwanza. Ikiwa imeandikwa 38, tundu lake ni karibu milimita 0.38 tu, uzi wa kushonea unapita kwa shida. Adui wa pili ni maji. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yanashuka chini ya bakuli, yanakaa pale na kula zinki, na kuacha unga mweupe. Visi ya chuma ikiwa imeshikwa ndani ya mwili wa zinki, na maji katikati yao, metali hizo mbili zinafanya betri ndogo, na katika betri hiyo zinki njo inaliwa. Unga unaotoka unajaa kwenye nyuzi za visi. Njo maana visi inakataa kutoka hata ukiishika kwa nguvu zote.

Kwetu pikipiki zinalala kwa sababu ambazo kila mmoja hapa anazijua: vikaratasi vimekosekana, mgonjwa ndani ya nyumba, pesa ya esansi imekwenda kulipa masomo ya watoto. Na esansi yenyewe mara nyingi imetoka kwa ba Kadhafi wa kando ya barabara, katika chupa na bidoni, ambako maji ya mvua na mafuta ya taa yanapata nafasi ya kuingia. Piki ikilala tangu mwanzo wa mvua mpaka kipwa, mwenyewe anaporudi anakuta kizibo kimeshikana na ukuta wake kama vile vimezaliwa pamoja.

Sasa, kwa nini mtu anaweza kuifungua nyumbani? Hapa historia inapita Japani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda ilikuwa inauza pikipiki ya CB125 katika nchi za joto na za barabara mbovu. Motere yake ilikuwa na kamshafti juu kichwani, na inadai oili safi. Wateja waliipakia mizigo kupita kiasi na kuchelewa kubadilisha oili, na kule juu kukawa kunakwisha haraka. Kampuni ingeweza kuwalaumu wateja. Badala yake ilichora motere nyingine, yenye fimbo za kusukuma vali, kamshafti ikiwa chini karibu na oili. Ndiyo CG125 ya mwaka 1976. Ilichorwa kwa ajili ya mtu asiye na garaje, na kabirateri yake ilikuwa ya namna ya kizibo, rahisi kuliko zote. Baadaye viwanda vya China, hasa vya mji wa Chongqing, viliiga motere hiyo na kuizalisha kwa mamilioni. Zikaja kwetu pamoja na Bajaj na TVS za India. Kabirateri zake ni za mtindo wa Keihin au Mikuni, ama nakala ya nakala yake.

Kutoka Japani ilikuja pia taabu moja ndogo ambayo imeharibu kabirateri nyingi. Visi ya msalaba tunayoijua ilipata hati yake Marekani mwaka 1936, kwa jina la Henry Phillips. Wajapani walitengeneza ya kwao, inafanana sana, lakini shimo lake halina kina kilekile. Ukitia turnevisi ya Phillips ndani ya visi ya Kijapani, ncha inagota chini kabla mabawa hayajakaa. Ukizungusha kwa nguvu, inapanda na kuruka, inakula kichwa cha visi. Mara mbili tatu tu, kichwa kimekuwa mviringo, na hapo kijana anaanza kutafuta patasi. Wazee wa Buluo hawajasoma kitabu cha viwango vya Japani. Lakini ukiangalia turnevisi zao vizuri utaona ncha imesagwa kidogo kwa jiwe, ili ikae mpaka mwisho. Mtu alifikiri jambo hilo.

Aliyefikiri alitoka wapi? Hapa tunarudi Panda.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilipita Elisabethville mwaka 1910 na kufika Kambove mwaka 1913, na mji wetu, Jadotville wakati ule, ulikua juu ya reli hiyo. Kiwanda cha kusafisha mawe ya madini kilianza Panda mwaka 1921, kile cha Shituru kikafuata mwaka 1929. Viwanda vya namna hiyo haviwezi kungoja meli kutoka Antwerp kila kipande kikivunjika. Kwa hiyo kulikuwa na Ateliers Centraux de Panda, ACP, ambako vyuma vilimiminwa, vilichongwa, vilipimwa na kusawazishwa kwa ajili ya migodi yote. Baada ya kampuni kuchukuliwa na serikali mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, atelye ziliendelea. Vijana walijifunza pale kazi ya ajisteri: kushika tupa kwa mikono miwili, kupima sehemu za mia za milimita, kufungua kitu kilichokwama bila kukivunja. Hili la mwisho ni elimu peke yake. Anayefundishwa kubomoa anapata kazi siku moja. Ajisteri alifundishwa kungoja: tia mafuta, pasha joto, gonga kidogo, ngoja, jaribu tena.

Halafu nyumba ile ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa, maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, na kati yao mafundi wengi. Tuseme wazi, mji huu ulijikata mkono wenyewe. Mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30,000. Watu walikaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Waliolengwa ni wale wa zamani, wenye miaka 25 ya kazi na zaidi. Yaani walichagua kutoa nje wale waliojua zaidi.

Wengine walirudi shambani, wengine walikufa mapema. Na wengine waliweka benchi mu lupango. Miaka ile ile pikipiki za taksi zilianza kujaa Katanga, na vijana waliozipanda tukawaita manseba, neno la Kiluba la mjomba, ndugu ya mama. Hivi ndivyo historia mbili zilikutana: mashine iliyochorwa kwa mtu asiye na garaje, na fundi aliyenyang'anywa atelye. Sidhani kuna mtu aliyepanga hivyo katika ofisi yoyote.

Nimekaa mara nyingi karibu na benchi moja ya namna hiyo, kwa papa mmoja wa zamani wa ACP, na nitaeleza mwenendo wa kazi kwa sababu sijauona umeandikwa popote kwa lugha yetu. Kwanza anasafisha nje kabla ya kufungua, kwa brosi na maji ya sabuni, ili mchanga usiingie ndani. Anamwaga esansi ya zamani katika kopo. Visi za bakuli anazitia mazutu iliyochanganywa na oili, analaza mpaka kesho. Asubuhi anamimina maji ya moto juu ya mwili. Zinki inatanuka kuliko chuma, na visi inapata nafasi. Anatia turnevisi, anagonga mkono wake kwa nyundo mara mbili, anabana kwa uzito wa mwili, na ndipo anazungusha. Bakuli likiwa limegandana na juwe yake, halitii turnevisi katikati, maana mkwaruzo mmoja pale ni mvujo wa milele. Anagonga pembeni kwa mpini wa mbao, kuzunguka, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Floteri inashikwa na pini inayopita katikati ya nguzo mbili ndogo za zinki. Hapa kabirateri nyingi za Likasi zimekufa. Kijana anapiga pini kwa msumari, nguzo inakatika, na hakuna soda wala gundi inayoirudisha sawa. Papa analaza mwili juu ya kipande cha mbao ili nguzo iegemee, anatafuta upande ambao pini haijabanwa, anasukuma polepole. Kizibo kilichoshikana anakisukuma kutoka chini kwa kijiti cha mbao, hakishiki kwa koleo hata siku moja. Visi ya ralanti anaizungusha kwanza kwenda ndani mpaka iguse, anahesabu mizunguko, anaandika kwa chaki ukutani, ndipo anaitoa. Ukuta wake umejaa namba hizo.

Halafu limau. Hapo agronomia yangu inapata kazi. Maji ya limau yana karibu asilimia 5 mpaka 6 ya asidi ya sitriki, na asidi hiyo inakula ule unga mweupe na kutu. Shida ni kwamba inakula pia zinki yenyewe. Ukiona mapovu madogo yanapanda, hiyo ni haidrojeni, na maana yake ni kwamba metali safi imeanza kwenda. Papa anachemsha maji na limau, anazima, anatia sehemu za metali tu, bila mpira wala juwe, dakika kama 15, anatoa, anasuuza kwa maji yenye bikabonati, anapuliza kwa pampu ya baiskeli. Jigileri hazigusi kwa sindano ya chuma, kwa sababu chuma kinapanua tundu na piki itakunywa esansi siku zote. Anatumia unyuzi mmoja wa waya laini wa umeme. Shaba tupu ni laini kuliko ile iliyochanganywa na zinki, inasafisha bila kukwaruza. Mwisho anarudisha floteri, anaunga kaucho ndogo mahali esansi inapoingilia, anapuliza kwa mdomo: ikiwa wima pumzi ipite, ikigeuzwa kichwa chini ikatike. Isipokatika, esansi itamwagika usiku, na ikishuka ndani ya motere itaharibu oili.

Jambo moja lilinishangaza. Ile sindano ndefu ina mikato midogo juu, na klipu inakaa kwenye mkato wa katikati kutoka kiwandani. Papa anaisogeza mkato mmoja juu, ili sindano ishuke. Nilimwuliza sababu, akajibu: «Hapa si Matadi.» Likasi tuko karibu mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na kabirateri iliyopimwa kwa hewa ya chini inatupatia esansi ya kupita kiasi. Somo hilo nililisikia iniversite katika kozi ya hali ya hewa. Sikujua linakaa pia kwenye klipu ndogo kuliko ukucha.

Kwa wale watakaojaribu nyumbani: msioshe kabirateri kwa esansi karibu na mbabula. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwa makaa, na mama anapika palepale mu lupango. Papa anafanya kazi hiyo upande wa pili wa nyumba, na watoto hawaruhusiwi kupita.

India ililazimisha kanuni mpya za moshi tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki za soko lake lenyewe zikaanza kunyunyiziwa esansi kwa umeme. Zile zinazotumwa kwetu bado nyingi zina kabirateri, na Pakistani bado wanatengeneza CG125 yenye kabirateri mpaka leo. Tuna muda, sijui miaka mingapi. Hesabu inayonisumbua ni nyingine: mtu aliyekuwa na miaka 25 ya kazi mwaka 2003 alikuwa amekaribia 50 au ameipita. Leo yuko juu ya 70. Vijana wanaokaa kwenye benchi zao ni wachache, na wengi wanapendelea kununua kabirateri mpya ya katoni, kuitupa baada ya miezi kadhaa, na kununua nyingine.

Kwa hiyo naomba kitu. Kama una papa au nkambo aliyetoka ACP, Shituru au atelye za reli, nenda na kaye. Mwulize mafuta gani alitia kwenye visi iliyokwama, aliingoja saa ngapi, alisaga vipi ncha ya turnevisi, na nani alimwonyesha. Andika kwa Kiswahili kilekile alichosema, na jina la kila chombo kama alivyolitamka, halafu tuma hapa kwenye ukurasa wa chama. Mimi nimeanza na ukuta ule wa Buluo. Nimenakili namba za chaki kabla mvua ya Novemba haijaziosha: mzunguko mmoja na nusu, miwili kasorobo, miwili na robo, na kando ya kila namba rangi ya pikipiki na jina la utani la manseba wake.